Gari Lililokataa Kutoka Kiplombe

Shemeji yangu aliniambia atakuja Jumamosi na kamba. Aliyasema hayo kwa upole, mkono kifuani, kama mtu anayejitolea kumpunguzia mjane mzigo. Gari la marehemu ndugu yake lilikuwa linamisi, injini ikikohoa na kutetemeka, na kwa maoni yake gari linalomisi likiachwa mikononi mwa mwanamke huoza. Angelivuta mpaka kwake Cheptiret, lipumzike huko chini ya mabati, hadi siku familia itakapokaa na kuamua.

"Kama ingekuwa inatembea vizuri, mimi sina neno," alisema. "Lakini hii imekushinda, shemeji. Si kwa ubaya."

Mtu akiniambia si kwa ubaya, mimi hushika mkoba wangu vizuri. Nilikuwa navijua vitu vilivyokwenda kupumzika Cheptiret. Pampu ya maji ya baba yao ilipumzika kule. Pikipiki ya marehemu ilipelekwa kupumzika wiki ile ile ya matanga, kabla hata hatujarudisha viti vya kukodi, na mpaka leo haijaamka. Shemeji ni mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa kununua kwa debe lililojaa pomoni na kuuza kwa debe lililobonyea, na huruma yake huipima hivyo hivyo.

Gari lenyewe si la kuringia. Ni dogo, jeupe, lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumiwa na watu tusiowajua, na kila ukiliwasha kuna mwanamke ndani ya redio anayekusalimu kwa lugha yake. Tulilinunua kwa mishahara yetu wawili, mimi na mume wangu, ila jina lililoandikishwa ni lake, kwa kuwa siku ya kuandikisha mimi nilikuwa leba nikijifungua kitinda mimba. Kisha ugonjwa ukamchukua, nami nikabaki na gari, watoto na mama yake.

Mama huyo wanangu humwita Kukhu, yaani nyanya, na mimi nikashika jina hilo hilo. Alikuja kwetu Kiplombe kwa sababu ya magoti, awe karibu na kliniki, akaishia kumuuguza mwanawe badala ya kuuguzwa yeye. Baada ya mazishi kila mtu alidhani ataondoka na mtoto wake aliyebaki. Hakuondoka, na hakutoa maelezo. Alivua viatu mlangoni pangu, akaingia jikoni kuuliza kama kuna unga. Tangu hapo tumeishi pamoja, yeye akilalamika kwamba chai yangu ina majani mengi, mimi nikilalamika kwamba anawalisha watoto sukari, na gari lile likitubeba sote: watoto shuleni, mimi kazini, yeye kanisani na kliniki. Likienda Cheptiret, maisha hayo yanaenda nalo.

Kazi yangu ni kuandika risiti katika duka la spea mjini. Si kazi ya kujigamba nayo, ila imenifunza tabia za wanaume kuliko ndoa ilivyonifunza. Mwanaume mwenye gari linalomisi haji kuuliza ugonjwa, huja kununua dawa. Leo atachukua plagi. Kesho kutwa atarudi kuchukua pampu ya petroli, amenuna. Baadaye atakuja na fundi wake, wote wawili wana grisi hadi kwenye nyusi, wakitaka kompyuta ya gari, ile akili yenyewe. Ukimuuliza kama amewahi kujua ni silinda gani iliyolala, atakuangalia kana kwamba umemuuliza uzito wake. Halafu gari litapona kwa bahati tu, na yeye atahubiri kwenye nyama choma kwamba alijua tangu mwanzo.

Kumisi ni neno la gereji. Injini ya gari langu ina silinda nne, na kila moja inapaswa kulipua petroli kwa zamu yake. Moja ikizembea, zile tatu huibebea kazi, na gari zima hutetemeka kama mashine ya kusaga mahindi iliyomeza jiwe. Langu lilianza Jumatatu asubuhi kwenye mwinuko kabla ya kufika lami. Nilikanyaga, likakohoa. Taa ya injini ikaanza kunikonyeza. Mtu wa boda boda akanipita akitikisa kichwa, maana hata wao ni washauri. Kufikia Jumatano lilikuwa linanuka petroli mbichi kwa nyuma na halikuweza kupanda mwinuko ule bila kuzima mara kadhaa. Jioni hiyo ndipo shemeji alipokuja na habari ya kamba.

Nilikuwa na hakika ni yeye. Jumapili, siku moja tu kabla gari halijaanza kukohoa, alikuwa amekuja kututembelea. Aliketi sebuleni na mama yake wakinong'ona kwa muda mrefu huku mimi nikikaanga kuku wake, kisha akaomba ufunguo "nicheki tu oil, shemeji." Mtu ambaye hajawahi kucheki kama watoto wa ndugu yake wamekula ghafla anacheki oil. Nilijiambia amechomoa kitu, au amekata waya, au amemwaga sukari kwenye tangi. Nilianza kuitunga hotuba yangu kichwani nikiwa kazini, na kila nilipoandika risiti niliongeza sentensi moja kali. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na mahali pa kutulia na mahali pa kupaza sauti, na mwisho wake shemeji alikuwa analia.

Ijumaa niliomba ruhusa, nikarudi mapema, nikainua boneti uwanjani. Sikumwita mtu. Ila kuinua boneti Kiplombe ni sawa na kupiga kengele. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu mwenye duka, mtu aliyehamia hapa zamani kutoka upande wa Nyeri, ambaye hajawahi kumiliki gari lakini ana maoni juu ya kila gari linalopita mbele ya duka lake. Aliacha duka wazi kabisa. Alikuja akipangusa mikono kwa aproni, kama daktari.

"Washa," aliniambia.

Nikawasha. Yule mwanamke wa redio akatusalimu, kisha gari likaanza kutetemeka mpaka vioo vikalia.

Jirani alifumba macho akasikiliza. Kisha akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa. "Mafuta," alisema. "Hii shida ni mafuta."

Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akichambua maharagwe. Aliinua uso. "Mafuta imefanya nini?"

"Mafuta ni mbaya, Mama. Siku hizi wanachanganya. Mtu anaweka tu, hajui imetoka wapi, halafu inaua injini pole pole."

Kukhu aliweka ungo chini, akajifunga leso vizuri, akaingia ndani. Nilidhani amechoshwa na umbea wa wanaume, na nisingemlaumu.

Punde akapita mzee mmoja wa kanisa letu, akitoka kutembelea mgonjwa. Naye hakuweza kupita boneti iliyo wazi. Alisimama, akaweka Biblia yake juu ya betri yangu, akainama. Yeye ni mtu wa mambo ya ndani. Petroli haimtoshi.

"Hii gari ilikuwa ya marehemu, si ndiyo?" aliniuliza.

"Yetu," nilimjibu.

"Basi unaona. Mnasema inamiss. Inamiss nani?" Alingoja. Jirani yangu akafungua macho. "Inamiss mwenyewe! Gari humzoea mtu. Hii imemmiss yeye."

Wakatikisa vichwa wote wawili, wameridhika. Ningeweza kucheka siku nyingine. Siku hiyo nilikasirika. Nilimwambia mzee kwamba hata mimi nimemmisi, na bado naamka kila siku nachemsha uji, na kama gari lina huzuni basi lijifunze kuhuzunika likitembea. Mzee alichukua Biblia yake. Alisema ataniombea. Jirani alisema nimwage petroli yote nianze upya, na kwamba yeye ana jerikeni ya kuuza. Walikunywa chai yangu, ile yenye majani mengi, wakaondoka. Injini ilikuwa bado inatetemeka na hakuna aliyekuwa ameigusa hata kwa kidole.

Jumamosi asubuhi niliwakalisha watoto mbele ya katuni, nikatoka na mkebe wa marehemu. Mume wangu alikuwa mtu wa kutotupa kitu. Aking'oa kitu kwenye gari na kuweka kipya, kile cha zamani alikipangusa, akakifunga kwa gazeti, akakitia mkebeni, "huwezi kujua." Niligombana naye sana juu ya mkebe huo. Ulikuwa unachukua nafasi ya sufuria.

Nilichokuwa nakwenda kufanya si ujuzi wa ajabu. Nilikuwa nimewaona mafundi wakikifanya nje ya duka letu mara nyingi, wale wachache wenye subira, na usiku niliangalia tena video ya mtu ambaye sura yake haikuonekana, mikono tu. Juu ya kila silinda kuna koili, kidude cheusi kinachoipa silinda yake cheche. Unawasha injini, unachomoa waya wa koili moja, unasikiliza. Ikiwa silinda ile ilikuwa inafanya kazi, injini itayumba kwa sababu umeinyang'anya mfanyakazi. Unarudisha, unaenda kwa inayofuata. Ukifika kwa ile iliyolala, utachomoa na hakuna kitakachobadilika.

Nilianza kwa kutoa kile kifuniko cha plastiki kinachofunika injini juu, ambacho wataalamu wangu wa jana hawakufikiria kukitoa. Chini yake palikuwa panang'aa. Palikuwa pamelowa, kama sufuria iliyotoka kukaanga mandazi. Nikasema haya, oil inavuja, shemeji amelegeza kitu. Hotuba yangu ikapata aya mpya.

Nikawasha. Nikachomoa waya wa kwanza: injini ikayumba, karibu izime. Nikaurudisha haraka. Wa pili: ikayumba vile vile. Wa tatu nikachomoa, nikangoja, nikatega sikio. Hakuna. Ilikuwa kama kumfuta kazi mtu ambaye hakuwa anakuja kazini, na katika mji wenye ofisi nyingi kama huu wetu nilijua hilo linaonekanaje. Nikaujaribu wa nne kwa heshima tu, nao ukafanya injini iyumbe. Kwa hiyo mzembe alikuwa wa tatu. Sikuhitaji kumwaga tone la petroli, wala gari halikuhitaji kufarijiwa.

Nilizima, nikaacha injini ipoe, nikafungua ile koili ya tatu na kuivuta. Ilitoka inachuruzika. Mpira wake wa chini ulikuwa umevimba na kupasuka ubavuni, na shimo ilimokuwa imekaa lilikuwa limejaa mafuta nusu. Cheche ilikuwa inatorokea pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Ndipo nilipoona rangi. Oil ya injini yangu ni nyeusi, maana nachelewa kuibadilisha. Haya yalikuwa meupe yenye umanjano, safi kabisa. Nikayanusa.

Niliijua harufu ile. Ni ya manemane na maua, harufu ya ibada ya kuombea wagonjwa. Mara ya mwisho niliisikia kwenye paji la uso la mume wangu, hospitalini, siku waliyompaka msalaba kwa kidole naye akanitazama kwa jicho moja akitaka kucheka. Niligeuka, koili ingali mkononi.

Kukhu alikuwa mlangoni ameshika kikombe. Alikuwa akinitazama mimi, si gari.

"Kukhu," nilisema, "nani alimwaga mafuta ya kanisa kwa injini?"

Alitua kikombe. "Hawa watu wamesema ni mbaya. Si mbaya. Hiyo mafuta imeombewa."

"Ni wewe?"

"Nilimwaga pale wameandika."

"Wameandika nini, na wapi?"

Alikuja polepole kwa yale magoti yake, akafungua fundo la leso, akatoa chupa ndogo. Ilikuwa tupu. Niwaeleze kwamba Kukhu alijifunza kusoma uzeeni, kwenye madarasa ya ngumbaru, na anapenda kusoma kwa kidole. Aliweka kidole kwenye karatasi ya chupa. Palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza. La kwanza alilipita kwa sababu ni refu. La pili akalisoma herufi moja moja.

"O. I. L," alisema. Kisha akanyoosha kidole hicho hicho kwenye kifuniko cha duara juu ya injini yangu, kile cha kutilia oil. "O. I. L. Si neno ni moja? Nikasema, kumbe hata Wajapani wanajua gari inataka upako. Wameacha mahali."

Nilimwangalia. Alikuwa na uso wa mtu aliyefuata maagizo.

"Nilitaka kufungua hako kafuniko, mikono ikakataa. Nikamwaga juu yake. Nikaona inaingia chini, nikasema imekubali."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gurudumu la spea, mpaka watoto wakaja kuchungulia dirishani. Hotuba yangu yote ya wiki nzima, na shemeji akilia mwishoni, ilikuwa imekwenda na maji. Nilijipangusa machozi kwa kiwiko, nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na kama alikuwa anaombea tusipate ajali, mbona nisingemkataza.

"Si ajali," alisema.

"Sasa uliomba nini?"

Alikunja karatasi ya chupa kwa ukucha. "Niliomba isitoke. Isitoke kwa hii geti."

Nikaacha kucheka.

Alinieleza akiwa amesimama, akiitazama injini. Jumapili ile, mimi nikiwa jikoni, mwanawe alimwambia ajitayarishe. Alimwambia mwanamke wa umri wangu aliye na gari hakai. Siku moja nitapakia watoto na masufuria, nitaenda kuanza maisha mengine, na yeye Kukhu atabaki amesimama uwanjani na ufunguo wa nyumba ya kukodi. Heri gari liende Cheptiret mapema, kwa faida ya kila mtu. Usiku Kukhu hakulala. Alfajiri, kabla sijaamka, alishika ufunguo, akafanikiwa kuinua boneti kama alivyomwona mwanawe akifanya, akamwaga chupa yote.

Nilikasirika, na sitaki kujifanya nilikuwa mpole. "Si ungeniuliza?" nilimwambia. "Mimi niko hapa, tunalala nyumba moja. Kwa nini hukuniuliza tu kama nitaenda?"

"Ungesema huendi."

"Ndiyo, ningesema siendi!"

"Hata yeye alisema haendi," Kukhu alisema.

Hakulitaja jina, na hakukuwa na haja. Mume wangu alimwambia hivyo hospitalini, mimi nikiwa nimekaa upande wa pili wa kitanda: Mama, usilie, siendi popote. Nilikumbuka vizuri. Na lililoniuma zaidi ni kwamba shemeji hakuwa amedanganya kabisa. Mwenye duka la spea ninakofanya kazi anafungua tawi Nakuru, na mwezi uliopita aliniuliza kama ningependa kwenda kulishika. Nilimwambia nitafikiria. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nafikiria, na nilipofikiria, kwenye nyumba ya Nakuru niliyoiwazia niliona watoto, nikaona kitanda changu, nikaona jiko. Kukhu sikuwa nimemweka popote. Sikumtoa kwa ubaya. Sikuwa tu nimefika kwake.

Niliishika ile chupa tupu nikamrudishia. "Sikiza, Kukhu. Shemeji anakuja leo na kamba. Alisema ikitembea hana neno, ikikataa anaivuta. Haya maombi yako yamemfanyia yeye kazi."

Alifikiri. Nadhani hakuwa ameliona hilo hadi wakati ule, kwamba kuna njia zaidi ya moja ya gari kutoka kwa geti. Uso wake ukabadilika, ukawa wa yule mama aliyelea wavulana wawili na fimbo moja.

"Rekebisha," alisema.

Tukafanya kazi. Alileta fulana kuukuu ya mwanangu, mimi nikafyonza mafuta shimoni kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye bisibisi, nikarudia mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Yeye alisugua juu ya injini kama anayesugua sufuria ya ugali, akinung'unika kwamba upako unapotezwa. Kwenye mkebe wa marehemu nilifungua magazeti moja baada ya jingine: balbu, mkanda uliokatika, kitasa cha mlango wa gari ambalo hata hatukuwahi kuwa nalo. Kisha nikaipata koili ya zamani, aliyoitoa mwenyewe siku alipoweka mpya, ikiwa nzima, imepanguswa. Nilisema neno moja kwa mume wangu, ambalo ni letu wawili, nikaichomeka.

Nikawasha. Mwanamke wa redio akatusalimu. Injini ikakohoa mara moja, ikatoa moshi wa kunukia kama kanisa, kisha ikatulia. Ilitulia kabisa, ikiunguruma kwa sauti moja. Nikakanyaga, ikaitikia. Kukhu akasema Bwana asifiwe, nami sikuwa na nguvu za kubishana ni nani hasa astahiliye sifa asubuhi ile.

Jirani alitoka dukani mbio. "Imepona?" aliuliza. "Ilikuwa nini?"

 Sikuwa na namna ya kusema uongo.

"Mafuta," nilisema.

"Si nilikuambia!" alipiga makofi. Mpaka leo anawaeleza wateja wake jinsi alivyougundua ugonjwa wa gari langu kwa kunusa tu, na kila akieleza mimi husimama pale na mkate wangu mkononi na kumeza mate.

Shemeji alifika na pikapu karibu na saa ya chakula, maana yeye hukosea mambo mengi lakini si hilo. Kamba ilikuwa mpya, ya buluu. Alishuka akaisikia injini, na kwa sekunde moja uso wake ulisahau kuwa na huruma. Kisha akatabasamu.

"Hiyo ni ya muda tu," alisema. "Hizi gari hudanganya. Itakuzimia njiani na watoto, shemeji. Ndiyo naogopa."

"Ulisema ikitembea huna neno," nilimjibu.

"Neno sina. Lakini mambo ya mali ya ndugu yangu si ya mimi na wewe. Ni ya familia. Mama yuko hapa." Akamgeukia mama yake, akapunguza sauti, akawa mtoto mzuri. "Mama, wewe ndiye mkubwa. Sema tu. Hii gari ni ya nani?"

Alikuwa na hakika na jibu, nikaona. Alishalipanda Jumapili, na leo alikuwa amekuja na pikapu kuvuna. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Yule mama alikuwa ameamka alfajiri kuomba gari lile lisinichukue, na hapa palikuwa na mtu wa kulichukua lisinichukue kabisa. Angesema tu neno moja.

Kukhu alikuwa bado ameshika fulana iliyolowa mafuta. Alijipangusa kidole kimoja kimoja, bila haraka, jirani akitazama, dereva wa pikapu akitazama, mimi nikiwa nimeushika usukani kupitia dirishani kana kwamba gari lingekimbia lenyewe.

"Gari ni ya huyu," alisema, akinielekezea kidevu. "Na mimi pia ni wa huyu."

Shemeji alicheka kidogo, akatazama huku na huku akitafuta mwanaume wa kumsaidia. Jirani yangu alikuwa ameinama akichunguza gurudumu langu la mbele kwa makini sana. "Mama, mimi nakufikiria wewe," shemeji alisema. "Huyu ataenda. Si kwa ubaya, lakini ataenda."

"Nimeshasema," Kukhu alimwambia. "Ingia ule, au nenda."

Hakula. Nadhani ndiyo mara ya kwanza. Pikapu ilirudi nyuma mpaka barabarani ikiwa tupu, nami nikaenda kufunga geti. Nilipogeuka Kukhu alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu sana, akinuka manemane na petroli. Hakunitazama usoni. Alikuwa akitazama komeo, kama linafunga vizuri.

"Sasa," aliniambia, "usinifanye muongo."